Tezi ya Baba, Tezi Yangu

Muuguzi aliyenitoa mpira wa mkojo kule Dar es Salaam alikuwa binti wa umri wa mjukuu wangu wa kwanza. Alifanya kazi yake bila kunitazama usoni, jambo nililomshukuru. Aliniambia nivute pumzi, akauvuta mpira, akanisindikiza chooni huku nimeshika ukuta kama mtoto anayejifunza kutembea. Kabla hajaurudisha mlango akafungulia bomba la sinki, akaliacha linatiririka.

"Sikiliza maji, babu," alisema. "Yatakusaidia."

Sikutoa hata tone. Nilisimama pale, na sababu haikuwa maumivu. Nilikuwa namsikia Baba.

Baba yangu alikuwa na ugonjwa huu huu. Kule Mofu, kijijini kwetu, wakati ule hakuna aliyeuita tezi dume. Uliitwa uzee, na uzee hauna dawa. Wazee waliamini kwamba mkojo uliokwama huitwa na maji yanayotembea, kwa hiyo kila asubuhi Baba alikwenda ukingoni mwa mto, akafungua suruali, akasimama akisikiliza. Aliweza kusimama hivyo mpaka jua likawa kali. Mimi nilikuwa kitinda mimba, mdogo sana, nilidhani anatazama samaki. Asubuhi moja hakurudi. Tukaambiwa mamba amemchukua. Mwili haukuonekana, basi tukazika nguo zake, padri akasali, watu wakala wakaondoka.

Nimekua na mamba yule. Ila nilipokuwa kijana nilianza kujiuliza kama kweli alikuwepo. Mtu anayesimama ukingoni kila siku miaka nenda miaka rudi anajua mamba wanapokaa. Swali lenyewe sikumwuliza mtu. Mama alikwenda kaburini sijamwuliza, na dada yangu mkubwa, ambaye ndiye pekee niliyebaki naye, anaishi Mofu mpaka leo na hapendi habari za mto.

Baada ya muda yakatoka matone machache, mekundu, yakichoma kama yametiwa pilipili. Halafu ukaja mkondo mwembamba. Muuguzi akafurahi kuliko mimi.

Daktari alinieleza mambo yangu siku ya kuruhusiwa. Hawakunipasua tumbo. Waliingia kwa njia ile ile ya mkojo, wakaipunguza tezi kwa leza, na kidonda chote kilikuwa ndani ambako mimi siwezi kukiona. Nisipande baiskeli, nisiinue mzigo, ninywe maji mengi. Damu itakuja na kuondoka kwa majuma kadhaa, nisitishike. Halafu akaongeza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kibofu changu kimechoka kwa miaka ya kusukuma. Kikigoma, itabidi niishi na mpira.

"Wapo wengi wanaoishi nao," alisema.

Niliitikia kwa adabu. Moyoni nilijisemea siwezi, na papo hapo nikaogopa, kwa sababu nilihisi najua neno hilo liliwahi kumpeleka wapi mtu wa nyumba yetu.

Tulirudi Ifakara kwa basi, mimi na mke wangu. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa dereva akasimama, tushuke kuchimba dawa. Wanaume tukajipanga kando ya barabara. Kijana aliyekuwa pembeni yangu alimaliza, akaondoka. Akaja mwingine, naye akamaliza, tena kwa kishindo cha mtu asiyejua alichonacho. Mimi nimesimama tu. Konda akaanza kupiga bodi la basi. Mke wangu akamwambia kutoka dirishani amwache mzee wake, na basi zima likageuka kumtazama mzee mwenyewe. Nilifunga zipu kwa hasira, na mkojo ukachagua wakati huo huo kuja. Nilisafiri na suruali mbichi mpaka tumeshakipita kijiji cha Kisawasawa, nimefunikwa kitenge mapajani, simsemeshi mtu.

Nyumbani tulikuta masika imeshika. Asiyelijua bonde letu hawezi kuelewa maana yake kwa mtu kama mimi. Maji yalikuwa yanagonga bati, yanashuka kwenye ndoo zilizokingwa barazani, yanakimbia kwenye mtaro mbele ya nyumba. Popote nilipogeuka kulikuwa na maji yanayotembea, na kila nilipoyasikia nilijua kuna mtu amesimama kushoto kwangu. Sikumwona, na wala sisemi kwamba nilimwona. Lakini chooni nilikuwa nasogea kidogo upande wa kulia ili kumpa nafasi. Halafu nikaanza kujikuta nimeinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua, mkono mmoja kiunoni, na ule ndio ulikuwa msimamo wa Baba. Sikuwa nimeuiga. Ulikuwa umenijia wenyewe.

Nilimdokezea jirani. Akanishauri twende Mofu tukafanye tambiko. Mke wangu naye alipopata habari alitaka kuwaita akina mama wa jumuiya waje kusali. Niliwaambia wote wawili waniache, maana kinachoniuma kiko chini ya kitovu, na hakuna kati yao anayekijua.

Kwa kweli hali ilikuwa inapata nafuu. Mkojo ulikuwa umefikia rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Nilikuwa nakimbilia choo mara nyingi, na nilipochelewa kidogo tu ulinitangulia, ila ulikuwa unatoka. Ndipo siku moja nikainama kuvua buti la shamba ambalo sikupaswa hata kulivaa, na nilipokwenda chooni nikaona damu tupu, nyekundu kama juisi ya rozela.

Hapo nikafanya kosa langu, na nililifanya kwa akili timamu. Mimi ni mkulima wa mpunga. Majaruba yangu yako Mchombe, na maisha yangu yote nimejua kwamba ukingo wa jaruba ukibomoka huwezi kuuziba huku maji yanapita. Unakwenda kwanza kufunga kule mferejini. Unaacha tope likauke lishikane, ndipo unafungulia tena. Nikajiambia kidonda hiki kinabomolewa na mkojo. Nikifunga maji, kitashika.

Basi nikaacha kunywa. Mke wangu aliniwekea jagi mezani kila asubuhi kama alivyoagizwa, nami nilikuwa nalimwagia mgomba ulioko nyuma ya nyumba. Alinisifu kwa unywaji wangu. Mkojo ukapungua kweli, ukawa mzito, mweusi kidogo, nami nikajiona mganga. Kesho yake kikatoka kipande cha damu iliyoganda, kirefu kama mnyoo. Baada ya hapo hakikutoka kitu.

Maumivu yale siwezi kuyasimulia vizuri. Kukaa nilishindwa, kusimama nilishindwa, tumbo lilikuwa gumu kama boga. Nilitoa sauti, na niliposikia sauti ile nilinyamaza ghafla, kwa sababu niliitambua. Ilikuwa ile iliyokuwa inatoka chumbani kwa Baba nilipokuwa mtoto, na Mama akituambia tulale, baba yenu anaota.

Mke wangu akatoka mbio kwenda kutafuta bajaji. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikumbuki nilivyotoka ndani. Nakumbuka tu nimesimama ukingoni mwa mtaro, suruali imefunguliwa, kidevu kifuani, nasikiliza. Mtaro ulikuwa umejaa hadi juu, maji ya matope yanakwenda kwa kasi kuelekea bondeni. Na sikuwa nawaza kukojoa tena. Nilikuwa nawaza kwamba yale maji ni ya baridi, na kwamba mtu akishaingia humo hakuna tena kinachomuuma. Nilimwelewa Baba kabisa. Sijawahi kuogopa kitu maishani kama nilivyoogopa kumwelewa vile.

Mke wangu alinikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Alinifunga zipu mwenyewe, mbele ya dereva wa bajaji, akanipakia.

Pale hospitali daktari kijana alinirudishia mpira, akaingiza maji kwa bomba kubwa la sindano na kuyavuta, akaingiza na kuvuta, na vipande vikawa vinatoka kama maini. Tumbo lilipolegea nilimbariki yeye na ukoo wake. Nilipomweleza habari ya jaruba alicheka kwanza, kisha akakasirika. Alisema kidonda hiki kinataka kuoshwa muda wote, damu ikikosa maji inaganda na kuziba, na maji niliyoyanyima mwili ndiyo yalikuwa dawa yenyewe. Mpira ungekaa siku kadhaa, halafu watautoa waone kama kibofu bado kina nguvu. Kama hakina, alisema, na hakumalizia. Sikuhitaji amalizie.

Dada yangu alikuja kutoka Mofu kwa pikipiki, na njia yenyewe ilivyokuwa mbovu sijui alifikaje. Alifika kitenge kimelowa matope hadi magotini. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaketi kwenye ukingo wa kitanda na kuutazama mfuko wa mkojo ulioning'inia pale. Aliutazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akasema mke wangu amemweleza alikonikuta.

Wodi ilikuwa na watu, lakini kila mmoja alikuwa na lake. Nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Dada, yule mamba alikuwepo?"

Alikunja ncha ya kitenge chake, akaikunjua. "Hakukuwa na mamba," alisema.

Akanisimulia, kwa sauti ya chini, huku akiutazama mfuko. Yeye wakati ule hakuwa amevunja ungo bado. Kila asubuhi Mama alimtuma amsindikize Baba mtoni. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma, amempa mgongo kwa heshima, na kusikiliza. Akisikia Baba amepata, alitakiwa kukimbia nyumbani kumwambia Mama, na siku hiyo nyumba nzima ilikula kwa raha. Asubuhi ile ya mwisho zilikuwa zimepita siku ambazo hakusikia kitu. Baba akamwambia, bila kugeuka, aende nyumbani akamwambie Mama kwamba leo imekubali. Dada alikuwa hajasikia chochote. Lakini mtoto hamwambii baba yake kwamba anasema uongo. Akaondoka. Alipofika mbali kidogo akageuka, akamwona Baba yuko ndani ya maji mpaka kifuani, anatembea taratibu kama mtu anayevuka kwenda shambani.

Alipofika nyumbani alisema yote mawili, aliyoagizwa na aliyoyaona. Mama akamshika mdomo. Mama ndiye aliyemleta mamba, ili padri akubali kusali.

Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Miaka yote ile nilidhani mwenye mzigo ni mimi, mwenye swali. Yeye alikuwa na jibu, na alikuwa nalo tangu hajaota maziwa.

"Baba hakuwa na pa kupelekwa," dada yangu alisema. "Angepata mpira kama huu, angeuvaa mpaka kanisani. Na wewe wakikuambia uuvae, utauvaa. Nitahamia kwako nikufulie mashuka. Mimi sisimami tena nyuma ya mtu nikisikiliza."

Nilimwambia nitauvaa. Nilishangaa kwamba nilikuwa nasema kweli.

Siku ya kutolewa mpira ilikuwa bila mvua. Nilikuwa nimekunywa maji tangu alfajiri, kikombe baada ya kikombe, na mke wangu amenisimamia mpaka natia tone la mwisho mdomoni, maana sifa zangu za jagi zilikuwa zimeshaisha. Muuguzi akauvuta mpira, akanionyesha choo cha mwisho wa korido. Kilikuwa choo cha kawaida, cha kuchuchumaa, na kando yake ndoo ya maji na kopo la kumwagia. Nikafunga mlango.

Kulikuwa kimya. Nilisubiri. Nilisikia mtu anakohoa wodini, nikasikia magurudumu ya kitanda, kisha kimya tena. Nikaanza kujipanga moyoni namna nitakavyouvaa mpira chini ya suruali ya kanisani, mfuko ukae mguu gani. Na nilipokuwa katikati ya mpango huo, mkojo ukaja. Ulianza mwembamba, ukasita, halafu ukafunguka, ukapiga sakafu ya choo kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kutoka mwilini mwangu kwa miaka mingi. Ulichoma, nami nikauacha uchome. Ulikwenda mpaka nikaanza kuona aibu.

Nilipofungua mlango nilimkuta dada yangu ameketi chini kwenye korido, ameupa mlango mgongo, kitenge amejifunika kichwani. Hakugeuka.

"Nimesikia," alisema. "Si maji ya kopo?"

Nilimwambia siyo. Akabaki vile vile, mgongo kwangu, mama mzima mwenye vitukuu. Basi nikamshika mikono, nikamwinua, nikampisha. Aliingia chooni peke yake, akauacha mlango wazi. Alitazama ndoo, ilikuwa imejaa hadi ukingoni. Akachukua kopo, akaingiza mkono ndani, akapapasa mpaka chini. Lilikuwa kavu. Ndipo akalia.