Jina la Baba Mkwe Mbele ya Ubao

Nafasi yenyewe ilikuwa moja. Mradi wa mifugo wa wafadhili ulikuwa umeletewa kompyuta ya kuweka kumbukumbu za ng'ombe wa Ngorongoro, na ulitaka mtu wa kupelekwa Dar es Salaam akafundishwe kuiandikia programu. Tulioitwa kwenye usaili tulijaza veranda nzima ya ukumbi pale Karatu, na sidhani kama kati yetu kuna aliyewahi kuiona kompyuta hata kwenye picha.

Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, hesabu nimefaulu vizuri, halafu nikawa naoza Endabash, napalilia mahindi ya watu wa mume wangu, mtoto mgongoni. Mume alikuwa dereva wa lori, akija nyumbani akijisikia. Sikutaka kungojea mpaka ajisikie.

Mtoto nilimwachia mama muuza chai pale nje. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa dada wa Kichaga, mpiga chapa katika hoteli ya watalii. Tangazo lilisema wanataka mwenye uzoefu wa kompyuta.

"Umeandika uzoefu wa miaka mingapi?" akaniuliza.

"Sina hata mmoja. Wewe?"

"Miwili."

"Kompyuta ipi hiyo, dada?"

"Taipureta yetu ina waya wa umeme. Watajua nini hawa?"

Nilicheka mpaka karani akatutolea macho.

Ndani walikaa watatu. Mkubwa wao alikuwa bwana kutoka Dar, kavaa suti ya Kaunda. Wa pili alikuwa Mzungu wa mradi, hajui Kiswahili. Wa tatu alikuwa Bwana Mifugo wetu, mtu wa ukoo wa mume wangu, aliyekula ugali nyumbani kwetu mara nyingi.

Bwana wa Dar hakuanza na hesabu. Alianza na mume. Amekuruhusu? Mtoto utamwacha na nani? Utazaa tena lini?

"Wanaume waliotoka humu sasa hivi," nikasema, "watoto wao wamewaacha na nani?"

Mzungu akaomba atafsiriwe. Bwana wa Dar akamtafsiria kitu kifupi sana, Mzungu akaitikia kwa kichwa, kwa adabu.

Ndipo nikapewa chaki. Swali: mashine haina akili, inafuata tu inachoambiwa, iandikie hatua za kupanga majina ya wafugaji kwa alfabeti. Swali nililielewa. Shuleni tulipangwa paredi kwa urefu: unasimama na wa pembeni, aliye mrefu anasogea nyuma, mnarudia mpaka hakuna anayesogea. Nikaandika hivyo hivyo. Linganisha la kwanza na la pili, kama hayajakaa sawa, yabadilishane nafasi, endelea mpaka mwisho, rudi mwanzo, ukipita mara moja bila kubadilisha lolote, acha. Mzungu alipotafsiriwa alisimama, akaja mpaka karibu na ubao. Nilijua nimepata.

"Sasa tuoneshe inavyofanya kazi," alisema bwana wa Dar. Akanipa kadi zenye majina ya watu wanaoogesha ng'ombe kwenye josho letu. "Kila unapolinganisha, taja majina yote mawili kwa sauti."

Kadi ya tatu ilikuwa ya baba mkwe wangu.

Watu wa mume wangu ni Wadatoga. Kwao mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe, awe hai awe amekufa. Mimi ni Mwiraqw, nimelelewa na misheni, mwiko huo sikuzaliwa nao. Lakini nilipoolewa niliushika, na niliushika barabara.

Nikainua kadi. "Hili linakuja mbele ya hili."

"Taja jina."

"Nimelipanga, mzee. Liko mahali pake."

"Sikukuuliza mahali. Kusoma hujui? Au umekaririshwa na mtu?"

Nikamtazama Bwana Mifugo. Alikuwa anajua kila kitu. Sentensi moja tu ingetosha: kwetu mke halitaji jina hilo, mruhusu alipite. Alikuwa anasafisha miwani yake.

Bwana wa Dar akafunua kalamu. Nikaona kabisa anataka kuandika kwamba sijui kusoma. Nikalitaja. Nikalitaja na la baba yake lililofuata nyuma yake, kadi nzima, kwa sauti ya darasani, na nikamaliza kupanga zote bila kukosea. Bwana Mifugo akainamisha kichwa kama mtu aliyetemewa mate.

Kazi akapewa kijana mmoja ambaye ubaoni, kwa maneno yake mwenyewe, alichora ng'ombe. Habari ya jina ilifika Endabash kabla ya matokeo.

Nilimfuata Bwana Mifugo ofisini kwake.

"Mke wetu," akasema, "usiniangalie hivyo. Mwenye mtoto anyonyaye hawakuwa na mpango naye tangu mwanzo. Ubao ulikuwa utaratibu tu."

"Ulijua hivyo wakati nimeshika kadi?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukaniacha niseme?"

"Nilikuwa pale kama serikali, siyo kama shemeji." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na nilitaka kuona kama utasema."

Nikatoka. Ningebaki ningemrushia kiti.

Baba mkwe mwenyewe hakunifokea. Alisimama nje ya mlango, mbali kidogo, kama mila inavyomtaka baba mkwe.

"Hiyo kazi wamekupa?"

"Hawakunipa, baba."

"Na jina ulilitaja."

"Nililitaja."

"Basi wamelichukua bure," akasema, akaenda kwa ng'ombe wake.

Mama mkwe ndiye aliyekataa kupokea chakula mkononi mwangu, mpaka pombe ya asali ilipotengenezwa na wazee wakakutanika kunitakasa. Nilipiga magoti kwenye samadi, mbele ya watu, wakanitemea pombe ile kichwani. Bwana Mifugo aliketi kati ya wazee hao, akapewa kibuyu kama wenzake, akanywa.