Kitabu cha Dini cha Bi Mgeni

Ukimuuliza mume wangu kazi yake, Abdulmalik atakwambia anauza vitasa na bawaba Kariakoo. Uongo mtupu. Kazi yake ni kukusanya magazeti ya Kiarabu ya zamani, yale yaliyochapwa Unguja na kujalidiwa kwa ngozi, mwaka mzima kitabu kimoja. Anavyo sita chini ya kitanda chetu. Viatu vyangu mimi vinakaa kwenye ndoo.

Kilichokuwa kinakosekana ni cha 1913. Miaka kumi na tisa nimesikia habari za 1913 asubuhi na jioni, mpaka nikauchukia mwaka ambao hata bibi yangu hakuwa amezaliwa.

Mwaka jana Bi Mgeni, mjane wa mtaa wa nyuma, akamwita amfungie kitasa kwenye kabati. Abdulmalik alirudi mbio. Bibi alikuwa amefunua kitambaa cha kijani amwonyeshe kitu anachotaka kukifungia, naye akausoma mwaka mgongoni mwa kitabu. Alhamisi akanikokota twende wote, maana kwenda kumwomba mjane kitu peke yake aliona haya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu." Macho yake yana mtoto wa jicho, akatupapasa mikono.

Kabla hatujaomba chochote, akaanza mwenyewe. "Magazeti ya marehemu Mrisho niliyatoa yote, wauza karanga wakafungia. Lingebaki hata moja ningekupa bure, mwanangu. Nimebaki na hiki kitabu chake cha dini tu. Nakibusu kila alfajiri tangu alipofariki." Akakibusu, akamwekea Abdulmalik mapajani. "Nisomee kidogo, tumrehemu."

Nikachungulia. Katikati ya ukurasa kulikuwa na picha ya buti. Tangazo la viatu! Ilibaki aseme tu, "Bibi, hili ni gazeti," na kitabu kiwe chetu. Nikamkanyaga mguu asizubae. Yeye akaliziba lile buti kwa kiganja, akaisoma Yasini kwa moyo, mwanzo hadi mwisho, na Bi Mgeni akifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Njiani nilimpasukia. "Una akili kweli wewe? Si amesema atakupa bure!"

"Nimwambie nini, Zulekha? Kwamba miaka ishirini anabusu buti?"

Nikatangulia mbele, nimekereka zaidi.

Sasa Bi Mgeni anamtaka kila Alhamisi. Gazeti lenyewe lilikuwa linatoka mara moja kwa wiki, basi kila akienda anafungua toleo moja. Mdomo unasoma Yasini, macho yanasoma habari. Akirudi ananisimulia meli gani imetia nanga na karafuu zimeshuka bei, utadhani kasikia redioni sasa hivi. Nimemwambia dhambi hiyo abebe mwenyewe. Anacheka tu.

Wamefika Mei ya 1913. Bi Mgeni ana miaka themanini na sita na kifua kinambana, kwa hiyo nikamshauri Abdulmalik asome matoleo mawili mawili, tusije tukajuta. Alhamisi iliyopita nikamfuata, nikasimama mlangoni, nikaona kwa macho yangu: anasoma nusu toleo, anafunga! Nilingoja tufike nje nimtolee maneno yote niliyokuwa nayo.

"Likiisha," akasema, "nitakuja kwake kufanya nini?"