Gari Lililomkataa Baba Mkwe

Gari langu la kwanza lilikuwa na tabia moja ya ajabu: likimpakia baba mkwe, linazimika. Akipanda mwingine yeyote, linakwenda. Nikijaza buti vitenge vya kupeleka gulioni Mlowo, linakwenda. Nikimpakia mume wangu na mdomo wake wote wa kunifundisha kuendesha, linakwenda. Baba mkwe akishaketi na kufunga mlango, tunatembea kidogo, tunafika kwenye mashimo, kisha kimya. Taa zinawaka, redio inaimba, injini haipo.

Na mimi gari lile nililipenda mpaka nikawa kituko. Lilikuwa jeupe, mtumba wa Japani, nimelinunua kwenye yadi moja pale Tunduma kwa jasho la vitenge vyangu mwenyewe. Asubuhi kabla sijanawa uso nilichungulia dirishani kuhakikisha bado lipo. Nilikuwa mwanamke wa kwanza kushika usukani katika ukoo wetu na wa mume wangu pia, na sikuona sababu ya kulificha jambo hilo. Nilipiga honi hata kwa mbuzi.

Sisi tuliishi Tunduma; kwa kina mume wangu ni Ileje, juu milimani, mbele ya Isongole. Wakati ule kule mkwe wa kike na baba wa mumewe walikuwa hawatazamani usoni. Nikikutana naye njiani napisha, naingia majanini, najitanda khanga, nainama mpaka apite. Hatukai nyumba moja, hatuzungumzi. Neno lake kwangu linapitia kwa mume wangu, na langu kwake hivyo hivyo. Sikuwa na ugomvi na utaratibu huo. Tatizo ni kwamba baba mkwe alikuwa mtu mzima mwenye magoti mabovu na mwili wa kutosha watu wawili, alikuwa mzee wa kanisa, na kanisa lilikuwa mbali. Gari lilipofika, kila mtu alijiuliza swali moja: je, gari ni nyumba?

Wazee wakakaa kikao, nusu siku nzima, na pombe ikaisha. Wakaamua kwamba gari si nyumba, gari ni barabara, kwa hiyo tunaweza kuwa ndani yake pamoja, ila akae mbali na mimi kadiri inavyowezekana. Mbali kabisa na dereva ni kona ya nyuma kushoto. Hapo ndipo baba mkwe akapewa makazi yake. Alikuwa anajibana kwenye ile kona kwa heshima zote, bega limegusa mlango, uso dirishani. Mume wangu asipokuwepo, alikuwa anaongea na dirisha.

"Dirisha," anasema, "ningekuwa mimi, pale kwenye kona ningepunguza mwendo."

Nami naujibu usukani. "Usukani, tumesikia, tunapunguza."

Basi mara ya kwanza lilizimika tukitoka njiapanda ya Mpemba kupanda milimani. Mume wangu akafungua boneti, akatazama ndani kwa uso wa mtu anayejua, kumbe hajui kitu. Baba mkwe akateremka, akaenda kusimama mbali ili asinitazame nikihangaika. Nikajaribu ufunguo, gari likawaka papo hapo. Akarudi, akaketi, tukatembea hatua chache, likazimika. Akashuka, likawaka. Tulifanya hivyo mpaka akaona afadhali atembee kwa miguu, mimi nyuma yake na gari zima, tukipanda mlima polepole na magoti yake mabovu. Nililia kwa aibu, kisha nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha hata kimoja.

Habari ilitutangulia. Shangazi wa mume wangu, ambaye ukoo wote unamwogopa, alitupokea uwanjani na jibu tayari.

"Gari linamkataa mzee," alisema. "Na gari halina akili yake lenyewe. Lina akili ya mwenye nalo."

Yaani mimi. Yaani moyoni mwangu namkataa baba wa mume wangu, na gari limeamua kusema ukweli. Mwezi uliofuata tulikuwa tumbatize mtoto wetu wa kwanza katika kanisa la baba mkwe. Shangazi akatoa hukumu: kama gari litamzimikia mzee siku ya ubatizo, liuzwe, nami nirudi kupanda malori na mizigo yangu. Mume wangu akaangalia viatu vyake. Ni mwalimu, anaweza kunyamazisha darasa zima, lakini shangazi yake hawezi.

Nikarudi yadi ninawaka. Fundi wao alikuwa kijana mchangamfu, kila mwanamke mteja anamwita bamayo, yaani mama, kama wanavyosema Wazambia wa ng'ambo ya mpaka. Akachomeka kompyuta yake, akaliendesha mpaka njia ya Vwawa na kurudi.

"Bamayo, gari zima hili. Linacheka."

"Linazimika."

"Hapa halizimiki."

"Hapa haliwezi kuzimika!"

Akabadilisha plagi. Siku nyingine akabadilisha chujio la mafuta. Akasafisha sijui nini. Kila mara gari likatoka pale linanguruma kwa raha, na kila Jumapili likamtema baba mkwe palepale mashimoni. Mwenye yadi akawa akiniona naja anakimbilia ofisini kwake. Hatimaye nikachoka kuficha, nikasema mbele ya wote waliokuwepo: "Linazimika akipanda baba mkwe wangu tu."

Yadi nzima ikaangua kicheko. Mmoja alilazimika kukaa chini juu ya tairi. Fundi akafuta machozi.

"Basi mlete huyo baba mkwe tumpime."

Alisema kwa utani, mimi nikalichukua neno lake kama lilivyo. Jioni mume wangu akapiga simu nyumbani, nami nimesimama karibu nasikia.

"Baba, fundi anaomba uje Tunduma… Hapana, huumwi. Gari ndilo linaumwa… Ndiyo, lakini anataka kukuona wewe."

Akaja, kwa lori la mahindi, amevaa koti na tai kama anakwenda kwenye sinodi ya kanisa. Mume wangu alikuwa shuleni, kwa hiyo tukawa mimi, baba mkwe na fundi. Fundi naye, mtoto mwenye adabu zake, akamfungulia mzee mlango wa mbele, akashika usukani mwenyewe, wakaondoka. Walizunguka mji mzima. Niliwaona wakirudi, baba mkwe ameketi mbele anatazama huku na huku kwa furaha, gari halijakohoa.

"Bamayo, gari linampenda mzee," fundi akasema.

Hapo nilijua limebaki jambo moja tu, nalo ni mimi. Labda shangazi alisema kweli. Nikaomba niendeshe mwenyewe. Baba mkwe, alipoona nakuja upande wa usukani, akatoka mbele upesi, akahamia kwenye kona yake, akajibana. Fundi akakaa kando yangu. Hatukufika getini. Gari likaruka kwenye tuta, likazimika.

Nilipiga vigelegele! Nilishuka nikacheza pale getini, malori yananipigia honi, wauza dola wananishangaa. Limezimika mbele ya fundi! Fundi hakucheza. Aligeuka akamtazama mzee, kisha akatazama siti.

"Mzee, kwa nini umehama mbele?"

Baba mkwe akaliambia dirisha, "Mwambie fundi kwamba dereva ni mkwe wangu."

Fundi akamshusha, akaing'oa siti ya nyuma. Chini yake, kushoto kabisa, ulipita waya wa pampu ya mafuta, umechubuka, na chuma cha siti kilikuwa kinaubana kila mtu mzito alipokandamiza kona ile. Vitenge vilikaa buti, na mtoto na yaya wake hawakutosha kuubana. Wala fundi hakuwahi kukaa nyuma. Ni baba mkwe peke yake, kwa uzito wake na kwa heshima yake, na kadiri alivyojibana kuniheshimu ndivyo alivyokata mafuta.

Waya ukafungwa, ukapitishwa kwingine. Safari ya kurudi, baba mkwe alijibwaga kwenye kona yake, akajibwaga tena, gari likaenda tu. Tulipovuka Mpemba akasema kwa sauti ndogo, "Dirisha, siku gari hili liliponunuliwa nilisema mwanamke hatalimudu. Nikadhani ndilo neno linalonirudi. Niliogopa sana."

Nikaendesha macho yakiwa yamejaa maji, na mashimo yote niliyapita taratibu.

Jumapili ya ubatizo tulipanda mlima bila gari kuzimika hata mara moja, mume wangu na mtoto mbele, mzee konani. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na wanawake wa ukoo, mikono kiunoni. Nikasimamisha gari mbele yake. Baba mkwe hakushuka. Aliteremsha kioo chote, kwa hiyo dirisha la kuongea nalo halikuwepo tena.

"Gari la mwanangu halijamkataa mtu," akasema kwa sauti ya mzee wa kanisa, wote wakasikia. "Mimi ndiye niliyekuwa nimeukalia waya wake. Panda, dada, tuzunguke kanisa."

Mwanangu. Miaka yote ile nilikuwa mke wa fulani. Shangazi akapanda, amenuna. Nikauambia usukani, "Asante, baba," nikapiga honi.