Kufuata Maua ya Tufaha Lushoto

Simu ya Mama Hoza ilinikuta nyumbani Mabawa, huku pwani, nikipepeta mchele. Hakunisalimu. Alisema tu, "Mwanahamisi, njoo uone ulichoifanyia miti ya marehemu," kisha simu ikakatika. Nikapiga tena, haipatikani.

Nusura ungo uniponyoke. Kazi yangu ni utafiti wa miti ya matunda, na wiki tano kabla ya simu ile nilikuwa nimefanya jambo zito shambani kwa mama yule mjane. Marehemu mumewe alimwachia mitufaha minane ambayo kwa miaka yote ilistawi majani bila kuzaa hata epo moja. Wanawe walitaka ing'olewe, wapande kabichi. Nilimwomba aniachie minne niinyonyoe majani yote kwa mkono, na minne iliyobaki tusiiguse, ili tulinganishe. Alikubali shingo upande. Nilipoondoka, miti ile minne ilisimama uchi kama kuku aliyetoka maji ya moto, na mama hakunisindikiza.

Alfajiri ya Ijumaa nilipanda basi la Lushoto. Pale Muheza wachuuzi walituzunguka na machungwa yao, na abiria wa pembeni yangu, mfanyabiashara wa nguo, akanimenyea moja. Aliponiuliza niendako, nikamweleza kwamba tufaha ni mti wa nchi za baridi kali. Huko hupukutisha majani, hulala, na ukiamka hutoa maua. Baridi ya Lushoto haitoshi kuulaza, kwa hiyo tunauvua majani wenyewe ili udhani msimu umepita.

"Kwa hiyo mnaudanganya mti?"

"Tunaudanganya."

"Na usipodanganyika?"

Nikatia kipande cha chungwa mdomoni, nikageukia dirisha mpaka Korogwe.

Mombo tukaiacha barabara kuu, tukaanza kupanda. Kila kona joto lilipungua. Kufika Soni nilikuwa nimejifunga mtandio mpaka masikioni, na wenyeji wakinicheka, mtu wa pwani. Lushoto mjini nikachukua bodaboda hadi kijijini.

Saa tisa alasiri nilibisha hodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu, uso mkavu. Hakunikaribisha ndani. Alinishika mkono, akaniongoza nyuma ya nyumba, hatua za haraka, na mimi nikiandaa maneno ya kuomba radhi.

Ile minne ilikuwa imefunikwa maua. Meupe, yenye wekundu mwembamba kwenye kingo, kuanzia tawi la chini hadi kileleni. Ile mingine minne ilikuwa na majani yake yaleyale ya kijani, haina habari.

Mama akashindwa kujizuia. Akaangua kicheko, akapiga vigelegele, akanikumbatia. "Nilitaka uje na hofu kama niliyobaki nayo mimi! Sasa niambie, kwa nini na ile mingine hukuinyonyoa?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Kisha nikasimama kuyatazama maua kwa karibu, yote sura moja, na furaha yangu ikaingia mchanga. "Mama, miche hii marehemu aliitoa wapi?"

"Mti mmoja, kwenye bustani ya misheni. Aliibebesha yeye mwenyewe, vijiti vya mti ule juu ya mashina mengine."

Nilipaswa kuuliza hilo siku ya kwanza. Maua ya tufaha hayazai vizuri kwa chavua ya ndugu zake wa mti mmoja, yaani ule unga wa ndani ya ua. Huhitaji chavua ya tufaha la aina nyingine. Bila hiyo, maua yote yale yangedondoka matupu ndani ya siku chache.

Mama akasema kwa shida, "Mzee Kupaza, ng'ambo ya kijito, anao mmoja. Lakini hatusemeshani. Mbuzi wake walinimalizia kabichi."

"Nitakwenda mimi."

"Huwezi kuniombea kwa jirani yangu," akasema, akijifunga khanga. "Twende wote."

Mzee Kupaza alitupokea mlangoni, kofia mkononi. Mama akaeleza haja yake bila kumtazama. Mzee alituelekeza uani. Pale palikuwa na mtufaha mfupi, wa aina nyingine kabisa, umechanua.

"Majani uliyanyonyoa lini, mzee?" nikauliza kwa mshangao.

"Mimi? Mbuzi hao! Waliyala yote, nikawachapa, nikajua mti umekufa."

Mama Hoza alimtazama mzee, mzee akatazama chini, kisha wote wawili wakacheka hadi machozi. Mimi na elimu yangu yote nilikuwa nimetanguliwa na mbuzi.

Asubuhi ya Jumamosi Mzee Kupaza alikuja mwenyewe na matawi yaliyochanua ndani ya ndoo ya maji. Tuliyaning'iniza katikati ya mitufaha ya mama, ndani ya makopo ya maji yasinyauke. Jua lilipopanda, nyuki wakaingia kazini, wakitoka ua hili kwenda lile. Wazee wale waliketi kwenye benchi moja wakiwatazama, wakinywa chai ya maziwa, na kusimuliana habari za marehemu.

Jumapili, baada ya mama kurudi kanisani, niliteremka na basi. Nilirudi pwani na mfuko mzima wa matunda ya plamu na somo moja: nilikuwa nimeupima udongo wa mama, majani na kimo cha kila tawi, lakini sikumuuliza mti umetoka wapi wala jirani ana nini. Sasa hayo ndiyo maswali yangu ya kwanza, kila shamba.

Wiki chache baadaye mama akapiga simu. Safari hii alinisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto, akauliza hali ya joto. Nyuma yake nilisikia sauti ya mzee ikibisha.

"Maua yamefunga matunda, mwanangu! Yamekuwa kama gololi, tawi zima!" akasema. "Ila njoo utuamue. Kupaza anadai nusu ni yake, eti baba yao ni mti wake."