Hatua Mbili Nyuma

Ndambuki alikuwa na miaka hamsini na tisa, kilo tisini na tatu, na goti la kushoto lililolia kama bawaba kavu kila alipopanda ngazi za ploti alikopanga chumba Kangemi. Kazi yake ilikuwa kusafisha bwawa la kuogelea la klabu ndogo huko Muthangari. Tena, kila Jumamosi kwa miaka kumi na minne, aliwafundisha watoto wa wanachama kusimama juu ya ubao wa mawimbi, kabla hawajapelekwa Malindi likizo ya Desemba.

Nairobi haina mawimbi, lakini Ndambuki alikuwa na kamba mbili. Alizifunga kwenye pua ya ubao, moja akampa Okinyi wa bustani, nyingine Muigai wa lango, nao wakakimbia, huyu ukingo huu, yule ukingo ule, wakivuta. Katikati ya bwawa waliziachilia. Aliyesimama juu alibaki na mwendo wake tu, na ilimpasa ageuze ubao kabla ya ukuta.

Yeye mwenyewe alijifunzia Malindi, baba yake alikokuwa fundi mwashi. Siku hizo hakuna aliyefundishwa. Ulibeba ubao wa mkubwa wako misimu miwili, ukauosha, ukatazama nyayo zake, ukafunga mdomo. Ndipo siku moja akakwambia, "Haya, panda." Leo mtoto hajalowa maji anauliza video iko wapi.

Mwezi mmoja meneja mpya, Jacklyne, alileta mbao tatu laini, ndefu kuliko mlango na nene kama godoro.

"Mzee, wazazi wanataka hizi. Haziumizi mtoto," alisema. "Jumamosi watakuja kuangalia. Waonyeshe vile zinaendeshwa. Kama haiwezekani, kuna kijana ako na cheti, nitampa darasa. Wewe utabaki na bwawa."

Kubaki na bwawa ni kubaki na wavu wa kuokota majani. Ndambuki alitikisa kichwa kukubali, na moyoni akasema hatapanda godoro.

Alhamisi akautoa ubao wake wa zamani, mdogo, mwembamba. Wenzake wakavuta. Ubao ukazama chini yake, na maji yakamfika magotini.

"Omera, hiyo si ubao tena, ni sahani!" Okinyi akacheka. "Na chakula imezidi."

"Funga mdomo, uvute."

Wakavuta mara tatu, na mara tatu akazama. Uzito aliokuwa nao alipokuja Nairobi ubao uliubeba. Uzito wa sasa ubao uliukataa. Akalifuata godoro.

Alilala juu yake kifudifudi, kisha akainuka kwa mruko mmoja, kama alivyozoea, akatua umbali ule ule kutoka puani ambao kwenye ubao wake mdogo ni katikati. Kwa ubao huu mrefu hapo ni mbele mno. Pua ikaingia majini, mkia ukainuka, akaenda kichwa chini. Mara ya pili alisimama vizuri. Kamba zilipoachiliwa akakaza kifundo cha mguu ili ageuke, ishara ambayo ubao mdogo huitii papo hapo. Godoro halikusikia. Likaenda moja kwa moja hadi ukutani, naye akaangukia goti lile lile bovu.

Muigai, aliyewahi kuendesha lori la mawe kule Kinoo, alichuchumaa ukingoni.

"Mwalimu, hii ni lori. Lori hukati kona kama pikipiki. Unaanza mapema, na uzito unaweka nyuma."

Ndambuki alimtazama kwa uchungu. Miaka arobaini juu ya maji, na leo anaelekezwa na mtu asiyejua kuogelea! Lakini Ijumaa mchana aliulaza ubao kwenye nyasi, akatembea juu yake mbele na nyuma, polepole, kama mtu apimaye chumba kwa nyayo. Hatua mbili nyuma, pua ikapungukiwa na uzito. Goti halikumruhusu kuruka tena. Akajaribu kuinuka kwa kupiga goti kwanza, kisha mguu mmoja, kisha wa pili.

Jumamosi wazazi walikaa chini ya miavuli na vikombe vyao. Kamba zikakazwa. Ndambuki akapiga goti, akainuka. Wenzake walipoachilia, hakungoja; alirudi nyuma hatua ya kwanza, ya pili, mkia ukazama kidogo, pua ikainuka. Akageuza mabega, ubao ukayafuata kwa uzito, kama ng'ombe anayeitwa zizini, ukapita umbali wa mkono mmoja tu kutoka ukutani.

Wazazi wakapiga makofi. Mtoto mmoja akamuuliza mamake, "Mbona anaenda slow hivyo?"

Jacklyne akaja na taulo. "Mzee, darasa ni lako. Na hiyo ya goti ni poa sana, ni salama. Wafundishe wote hivyo."

"Hao bado ni vijana, Madam. Wanaweza kuruka."

"Wote, Mzee."

Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiwafokea kwamba goti ni la kanisani, ubaoni mtu huinuka mara moja. Watoto wanane walikuwa wamejipanga kwenye nyasi, wakimtazama. Alijikausha uso, akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haya," alisema. "Pigeni goti."