Barua Niliyoiandika kwa Mwandiko Mzuri

Wiki iliyopita nilirudi Farsta, kwenye lile jengo letu la matofali ya manjano, nikajisingizia kwamba nimepita tu. Unanijua, mimi sipiti tu mahali popote. Nilishuka moja kwa moja hadi chumba cha kufulia, kule chini, nikakuta ubao wa zamu umeng'olewa. Siku hizi watu huweka zamu kwa simu. Lakini harufu ilikuwa ile ile ya nilipokuwa na miaka tisa, ya sabuni na ya mpira uliopata joto.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kila nyumba ilikuwa na kufuli yake ndogo yenye namba. Uliifunga kwenye ubao, penye siku na saa uliyotaka, na jengo zima likajua unafua lini. Nyumbani kwetu tulikuwa watatu, baba, bibi na mimi, tuliotoka Bukavu. Baba alikwenda Kista kila siku kusafisha ofisi. Bibi aliogopa mashine. Kwa hiyo kufua kulikuwa kazi yangu, na zamu yetu ilifuatana na ya jirani wa ghorofa ya pili, mama mzee wa Kiswidi aliyeishi peke yake.

Yeye ndiye aliyenifundisha Kiswidi, tukikunja shuka zake. Kila mmoja alishika pembe mbili, tukavuta, tukakaribiana, tukarudi nyuma, na kila hatua ilikuwa na neno lake. Nikikosea neno, tulianza shuka upya. Nilipenda hilo kuliko kitu chochote. Kisha alinipa mkate mtamu wa mdalasini na kunirekebishia insha zangu za shule kwa penseli, taratibu, bila kunicheka. Nilikuwa mtoto wa kulia kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Bado niko hivyo.

Siku moja alishuka na bahasha nene. Serikali ilikuwa imeanza kuwaruhusu watu wasome yale ambayo polisi wa usalama waliandika juu yao zamani, enzi za kuogopa kwamba wakomunisti wamejipenyeza kila mahali. Ujanani mwake alikuwa ameuza gazeti la wakomunisti kiangazi kimoja, kwa ajili ya kijana mwenye macho mazuri, alisema, na kijana akaoa mwingine. Mwaka uliofuata aliomba kazi ya kuunganisha simu, akakataliwa bila kupewa sababu.

"Miaka yote hii nilidhani ni sauti yangu," aliniambia. "Niliacha hata kuimba kwaya."

Mistari mingi ya faili lake ilikuwa imefunikwa kwa wino mweusi. Mmoja ulikuwa wazi: Alhamisi amefua shuka za wageni wawili. Mtu wa jengo alilokaa wakati ule alikuwa amesoma ubao wa zamu, akahesabu shuka kwenye kamba, akaenda kusema.

Nilipanda juu na kusimulia yote mezani, kwa fahari, kama mtu aliyetoka kuona sinema. Tulikuwa tunakula bugali na sombe, majani ya muhogo. Baba alisimamisha mkono. Maombi yetu ya uraia yalikuwa bado hayajajibiwa, na kila barua iliyoanguka mlangoni ilimshtua.

"Ule mama ni mukomunisti?" aliuliza bibi. "Na mutoto wetu anakulaka mukate yake?"

"Koko, aliuza gazeti tu," nilimjibu bibi.

"Njo vile inaanzaka."

Kisha akatuambia jambo ambalo hata baba hakuwahi kulisikia. Alipokuwa msichana, wakati wa vita vya waasi, wanajeshi waliingia kijijini kwao kuuliza nani aliwalisha waasi wale, maana ilisemwa ni wakomunisti. "Baba yangu alisema wa kwanza," alisema bibi, akiendelea kumega bugali. "Alitaja jirani yetu, walimubeba. Njo maana niko hapa."

Hakuna ofisi iliyokuwa imetuuliza lolote juu ya jirani. Lakini sisi tulitoka mahali ambapo ukingoja kuulizwa umeshachelewa. Baba alinitazama.

"Mama," alisema, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "wewe njo unajua kuandika. Utaandikia watu wa uraia."

Niliandika alasiri tatu mfululizo. Niliandika kwamba familia yetu haina urafiki na mama huyo, kwamba tunakutana naye kwenye kufua tu, nikataja siku zake, saa zake na wageni niliowaona. Baba alitaka mistari mitano. Nilimpa kurasa mbili. Nakiri kwako: nilifurahia. Ilikuwa kazi bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Na kwa kuwa sikuweza kuvumilia kosa hata moja, nikafanya kama nilivyofanya na kila insha. Nilimpelekea yeye airekebishe.

Aliisoma amesimama kando ya mashine. Mashine ikazunguka, ikatulia, ikazunguka tena. Akachukua penseli.

"Mimi hufua Jumanne, siyo Jumatano."

"Samahani."

"Na Pasaka walikuja watatu. Dada yangu hukumhesabu, na unene wote ule." Hakucheka. "Ukiamua kuandika, andika sawasawa. Wale walioandika juu yangu walikosea mengi."

Akanirudishia kurasa zangu. Nikasema asante. Unasikia? Nilisema asante.

Niliinakili kwa wino, baba akaitia posta, na majira ya kuchipua uraia ukaja. Watu wa kanisa, Wakongo na Warundi, walijaa sebuleni wakala wali na kuku na kuimba. Bibi hakuwa na shaka kwamba ile barua ndiyo iliyotuokoa. Jirani aliendelea kunisalimia kwenye ngazi, lakini alihamishia zamu yake siku nyingine, na shuka akazikunja peke yake, amezibana kwa kidevu. Baadaye alihamia Södertälje kwa dada yake. Nilisikia kifo chake kutoka kwa wapangaji wapya. Bibi naye hayupo. Sasa watu wa jengo lile wanafua bila kujuana, na sijui kama nisikitike au nishukuru.

Mwaka jana niliomba faili la familia yetu. Barua imo, ina mhuri wa kupokelewa, haina alama nyingine. Pengine hakuna aliyeisoma. Niliomba iondolewe. Ofisa akanijibu kwa upole kwamba hakuna kinachotolewa humo. Naruhusiwa kuongeza maelezo tu.

Tangu hapo nayaandika hayo maelezo. Nataka kusema kwamba alikuwa mwema, lakini nikieleza wema wake lazima nitaje alikuwa wapi, na nani, siku gani. Nikisoma tena naona nimeandika ripoti ya pili juu yake. Nafuta, naanza upya.