Tairi za Kwenda Kumchukua Winfrida

Gervasi hakuwa mtu wa kusalimia. Ukimwambia habari za asubuhi anakutazama miguuni, kama vile umemkanyagia kitu, halafu anafungua boneti ya gari lake na kuingiza kichwa. Na mtaa nao ulishaacha kumsalimia. Tulikuwa tumepanga nyumba moja hapa Kasingirima, yeye chumba cha mbele, mimi na mume wangu cha uani, kwa hiyo nilimwona kila siku akitoka na kurudi, hakuna wa kumuuliza ameshindaje.

Zamani haikuwa hivyo. Baba yake alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akaoa Muha, akazikwa hapa hapa Ujiji, na hakuna aliyejali. Ilipokuja miaka ile ya wakimbizi, boti zinashusha watu kila leo, foleni ya bombani haina mwisho, unga umepanda, ndipo watu wakakumbuka baba yake Gervasi alitoka wapi. Aliyeibiwa kuku alimtazama Gervasi. Aliyekosa maji alimtazama Gervasi. Naye badala ya kunyamaza alijibu, na majibu yake yalikuwa yanachoma. Dada Fatu, mwenye genge la ndizi na dagaa mbele ya nyumba yetu, alimwambia siku moja, "Rudi kwenu, Mrundi wewe." Akajibiwa, "Nitarudi dagaa zako zikiacha kunuka." Tangu siku hiyo maji ya kuoshea samaki Fatu alikuwa anayamwaga kwenye tairi za gari la Gervasi, na alikuwa anahakikisha anamwona.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne, na alilifanyia teksi njia ya Kalinzi. Shida yake lilikuwa fupi kwa chini. Njia ile inapanda mlima, na malori yaliyokuwa yanachukua wakimbizi kutoka mpakani yalikuwa yameichimba mifereji miwili, katikati pakabaki matuta ya mawe. Gari dogo likifika hapo linalalia tumbo. Kwa hiyo abiria wa Gervasi walizoea: wanashuka, gari linapita tupu linakwaruza, wanapanda tena.

Mtu pekee aliyekuwa amemweza ni mke wake, Winfrida, binti wa huko huko Kalinzi. Alikwenda kujifungulia kwa mama yake. Alipotimiza arobaini Gervasi akamfuata, ila hakumfuata peke yake, alipakia na abiria wa kulipa. Kwenye tuta la kwanza akamwambia shuka. La pili, shuka. Mtoto yuko mgongoni, manyunyu yameanza, na mwili bado haujarudi. Mimi nimezaa, najua kukanyaga mawe wakati huo kukoje. Kila hatua unaihisi tumboni. Kwenye tuta la tatu Gervasi akasema tena "Shuka," wala hakugeuza shingo. Winfrida akashuka, akachukua furushi lake, akapanda mlima kwa miguu kurudi kwao.

Hazikupita siku nyingi akateremka kaka yake, Selestini. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikiwa mtaa mzima:

"Shemeji, dada yangu si gunia la mihogo. Jumapili baada ya misa njoo umchukue. Atapandia mlangoni kwetu, atashukia mlangoni kwako. Akikanyaga chini njiani, hata mara moja, anarudi na mtoto wake, na wewe usionekane tena Kalinzi."

"Sema baba, sema!" Fatu akapiga makofi gengeni.

Siku ile ile Gervasi akaenda kwa Abdul, fundi tairi wa barabara ya Ujiji. Nilimkuta hapo nilipopeleka baiskeli ya mume wangu kuziba pancha.

"Nataka rimu kubwa," alisema. "Kumi na nne."

"Gari lako linavaa kumi na tatu."

"Nimekuuliza linavaa ngapi?"

"Haya bwana mkubwa." Abdul akaburuta rimu nne za kung'aa zenye tairi pana. "Hizi zimetoka kwenye gari la mzungu wa misaada. Ukifunga hizi na wewe utafanana na watu."

"Na wewe ufunge nini ili ufanane na watu?"

Walibadilishana hivyo hivyo wakitukanana. Gervasi akaacha rimu zake za zamani, na juu yake akaongeza redio ya gari. Nyumbani lile gari lilipendeza, siwezi kukataa. Hata Fatu aliacha kisu hewani akalitazama. Lakini Gervasi alikuwa na tofali lake alilolichagua, refu sawasawa na tuta la Kalinzi. Akalisukuma chini ya tumbo la gari. Likakwama pale pale lilipokuwa linakwama siku zote. Rimu ilikuwa imekua, lakini ukuta wa tairi ulikuwa mwembamba kama chapati, kwa hiyo gurudumu zima lilibaki na kimo kile kile. Kilichoongezeka ni upana tu, na upana haumvushi mtu tuta. Kesho yake alipopakia abiria na kukata kona ya msikitini, zile tairi zikaanza kusaga shokapu kwa ndani. Akarudi na harufu ya mpira ulioungua.

"Jamani!" Fatu alipiga kelele. "Mrundi kalivisha gari viatu vya harusi, vinalibana!"

Watu walicheka mpaka bombani. Gervasi hakujibu, na hapo nikajua ameumia.

Alirudi kwa Abdul kudai rimu zake. Abdul akasema biashara imeisha. Basi Gervasi akaliegesha gari mlangoni pa banda, akafunga milango, akakaa juu ya boneti. Hakuna mteja aliyeweza kuingia. Jua lilipokuwa kali Abdul akashindwa.

"Chukua rimu zako. Redio usahau."

"Na nipe zile." Alionyesha tairi zilizotundikwa kwenye ua, nyembamba lakini ndefu, za ukuta mnene.

"Zile za pikapu ya dagaa? Gari lako litasimama kama kuku aliyenyeshewa."

"Nipe kuku."

Zikafungwa kwenye rimu zile zile za kumi na tatu. Gari likawa na sura mbaya kweli, limenyanyuka, miguu myembamba. Lakini tofali likapita chini ya tumbo, na juu yake pakabaki nafasi ya kidole gumba. Nilimwona Gervasi akiingiza kidole hicho mara nyingi, kama haamini.

Sasa alikuwa ameshajifunza. Tairi inayozunguka vizuri gari likiwa tupu inaweza kuuma gari likishiba. Ilibidi lijazwe watu, likae chini, ndipo azungushe usukani kulia na kushoto. Jumamosi jioni akasimama mbele ya nyumba akauliza nani atakaa ndani kidogo. Watu walimsikia. Mmoja akatema mate, wengine wakaendelea na mambo yao. Nikamfunga vizuri mwanangu Leodgar, nikaenda nikakaa kiti cha mbele.

"Wewe na hicho kitoto mna uzito gani?" alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Fatu akafuta kisu kwenye kanga. "Unataka uzito? Mimi hapa! Jamani, njooni tumvunjie Mrundi gari lake!"

Wakaja kutoka bombani wanacheka, wanasukumana. Fatu alinihamishia nyuma akakaa mbele kwa kishindo, wengine wakanibana kila upande, mmoja akaingia kwenye buti na ndoo yake ya maji. Gari likashuka. Gervasi akazungusha usukani kulia, hakuna mkwaruzo. Akazungusha kushoto. Kwaruuu.

"Linakula!" Fatu alifurahi kama aliyeona mwezi wa Idi.

"Linakula wapi?"

"Huku kwangu, chini ya miguu!"

Gervasi akashuka na nyundo, akaikunja midomo ya madigadi iingie ndani, akarudi kuzungusha.

"Bado, Mrundi! Bado linakula! Kwa nyuma kidogo!"

Akapiga tena. "Bado!" Akapiga tena. Fatu alivyokuwa anafurahia ile sauti, hakugundua kwamba ndiye aliyekuwa anamwonyesha mahali pa kugonga. Mimi niliona, nikanyamaza. Mwishoni ikawa inagusa kushoto tu, usukani ukizungushwa wote mpaka mwisho. Gervasi akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili ajue asipite hapo.

"Kesho utamrudisha Winfrida kwa miguu," Fatu alisema akitoka, na gari likanyanyuka kama limeshusha mzigo wa bandarini.

Jumapili Gervasi akagonga mlango wetu. Hakuwa na maneno mengi. "Akiniona peke yangu hatatoka ndani. Twende." Mume wangu alikuwa ziwani, nikambeba Leodgar tukaenda. Kupanda, gari likiwa jepesi, halikugusa popote.

Lakini Selestini alikuwa amejiandaa. Tuliposema hodi tulikuta mikungu ya ndizi na gunia la mihogo mlangoni. Akavishindilia kwenye buti, kisha yeye na mdogo wake wakakaa nyuma na Winfrida katikati yao.

"Tunamsindikiza dada," alisema.

Gervasi aliangalia tairi zilivyodidimia. "Mmejaza."

"Si umebadilisha tairi? Au mkimbizi ameogopa?"

Winfrida hakumtazama mume wake. Mama yake hakutuaga.

Tuta la kwanza tulilipita, tumbo likasikika kama ukucha juu ya sufuria. Kwenye kona ya kushoto kitambaa chekundu kilifika juu, Gervasi akasimama, akarudi nyuma, akakata upya. "Usukani umekuwa mgumu, shemeji?" Selestini aliuliza. Tuta la pili liligusa zaidi. Ndipo tukafika la tatu, lile lile, na Gervasi akasimama kabla yake. Mawe yalikuwa yamechomoza kuliko siku zile. Kwa mzigo ule gari lisingepita, kila mmoja wetu aliliona hilo.

Selestini akainama mbele mpaka nikasikia pumzi yake. "Haya. Sema lile neno lako."

Gervasi akavuta breki ya mkono. "Shukeni."

Winfrida akaanza kukusanya kanga. Uso wake ulijifunga kama dirisha.

"Si wewe," Gervasi alisema, na safari hii akageuka, akamtazama. "Wewe kaa. Selestini, shuka wewe na mdogo wako. Na ndizi zenu."

"Tulikubaliana nini?"

"Ulisema Winfrida asikanyage chini. Habari yako hukuisema."

Selestini akabaki amekaa. Leodgar akaanza kulia.

"Kaka," Winfrida alisema, neno lake la kwanza tangu kwao. "Shuka."

Wakashuka na viatu vyao vya misa, wakatoa mikungu na gunia kwenye buti. Nami nikashika kitasa. "Kaa na mtoto," Gervasi aliniambia. Gari likainuka. Likalivuka tuta polepole, likagusa mara moja tu, likapita. Nikadhani atasimama ng'ambo. Hakusimama.

"Na kaka?" Winfrida aliuliza.

"Miguu anayo."

Nyuma tulisikia matusi ya Kiha yakipungua na umbali. Winfrida hakucheka. Alitandika kanga pale alipokuwa amekaa Selestini, akamlaza mtoto wake hapo, akanyoosha mgongo.

Tulipofika Kasingirima, Fatu alikuwa amesimama njiani anatungoja. Hakutazama uso wa Winfrida, alitazama miguu yake. Haikuwa na tope wala vumbi.

"Hakushuka?" aliniuliza mimi.

"Hakushuka."

"Tairi mbaya hizo," alisema, akarudi kwenye genge lake.

Asubuhi aliyamwaga tena maji ya samaki pale pale, na Gervasi akaingiza kichwa kwenye boneti bila kumsalimia mtu. Winfrida akatoka chumbani na ndoo na kitambaa, mtoto mgongoni. Akachuchumaa, akaziosha zile tairi moja moja, akianzia na ya mbele kushoto.